Kugawana chakula na majirani wa Ujiji

Dada yangu, umeuliza kama inafaa kuwapelekea majirani zako wa Ujiji chakula ilhali kipato chako ni kidogo na unaogopa kuonekana unajionyesha. Inafaa kabisa, mradi utoe katika kile mnachokula nyumbani, hata kama ni bakuli la dagaa waliopikwa kwa mawese, kwa sababu chakula cha kawaida hakimtwishi anayepokea deni. Zingatia pia wakati: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika na mapato ya nyumba zao hupungua, na mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, upungufu huo ulidumu miezi 3. Siku za namna hiyo ndizo za kubisha hodi.

Ninalokusisitizia zaidi ni kukubali kupokea, maana anayetoa tu huanza kujiona mkubwa, lakini anayepokea muhogo wa jirani kwa shukrani hujifunza unyenyekevu na humpa mwenzake heshima ya kutoa. Anza na nyumba mnayopakana nayo, nawe ukipungukiwa chumvi, usione haya kuiomba huko.