Fundi wa Sauti Anajibu: besi inavuma na sponji zimejaa ukutani, shida nini?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina chumba changu cha kusikilizia muziki, urefu mita 4, upana mita 3.5, dari mita 2.7. Spika nzuri, ampu ya maana, lakini besi inanitesa, kuna noti zinajaa mpaka vioo vinatetemeka na nyingine hazisikiki kabisa, na waimbaji wanasikika kama wako ndani ya pipa. Nimebandika zile sponji nyembamba zenye vichongoka ukuta wote wa mbele, naona trebo, zile sauti kali za juu, ndo imekufa, besi iko palepale. Rafiki yangu anasema niachane na mambo ya paneli za kufyonza sauti, ninunue ikwalaiza, kile kifaa cha kupandisha na kushusha besi na trebo, yaishe. Ni kweli?

JIBU: Asante sana kwa kuweka vipimo, wengi wananiandikia aina ya spika na ampu alafu chumba hawakitaji kabisa, na kwenye besi chumba ndo kinachoamua. Rafiki yako yuko sahihi nusu. Ikwalaiza itakusaidia, ila ije mwisho, na hizo sponji toa karibu zote.

Tuanze na besi. Kila chumba kina noti kinazozibeba kuliko nyingine, na unaweza kuzijua hata kabla hujawasha kitu: chukua 343, ambazo ni mita sauti inazokwenda kwa sekunde moja, gawa kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili, fanya hivyo na upana na dari. Mita 4 zinakupa hezi 43 hivi (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), mita 3.5 zinakupa 49, dari yako inakupa kama 64. Sasa angalia gitaa la besi, waya mnene ukipigwa wazi ni hezi 41, F ya pale chini ni kama 44 na G ni 49. Yani mpiga besi akigusa F au G chumba chako kinaidaka na kuishikilia, yeye keshaachia waya lakini noti bado inazunguka humo ndani, alafu akihamia noti ambayo chumba hakiibebi unaona imepotea. Spika zako hazina kosa.

Fanya hili jaribio leo hii. Tafuta programu ya bure ya simu inayotoa toni, yani sauti moja isiyobadilika, iunganishe na ampu, weka hezi 43, sauti ya wastani tu kwa sababu toni tupu inaumiza spika, simama umeegemea ukuta wa nyuma alafu tembea taratibu kuelekea kwenye spika. Pale ukutani utaisikia mpaka kifuani, ukifika katikati ya chumba itapungua sana, inaweza hata kukaribia kuisha, ukiendelea mbele inarudi tena. Toni ileile, spika zilezile, volyumu hujaigusa. Ukishalisikia hilo kwa masikio yako utaelewa kwanini nasisitiza watu wahamishe kiti kabla hawajatoa hela mfukoni. Usikae ukutani, usikae katikati kabisa. Wengi wanaanzia kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba, kwako ni kama mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma, alafu unasogeza sentimita 10 mbele, 10 nyuma, mpaka noti za besi zilingane. Spika nazo zikae umbali sawa kutoka kuta za pembeni, na wewe na spika mbili muwe pembetatu yenye pande sawa.

Sasa sponji. Ya sentimita 2 au 3 inakula sauti za juu tu, kwa sababu kitu cha kufyonza sauti kikibandikwa ukutani kinafanya kazi vizuri pale unene wake unapokaribia robo ya urefu wa wimbi. Wimbi la hezi 43 lina mita 8, robo yake mita 2! Hakuna sponji ya hivyo. Kwa hiyo umejaza ukuta kitu kinachoua trebo peke yake, sauti za katikati na besi vimeachwa vinacheza vitakavyo, na ndo maana waimbaji wako kwenye pipa.

Paneli ya kweli iwe nene. Tumia sufi ya mawe au sufi ya kioo, ile inayowekwa kwenye dari na kuta kuzuia joto, unene sentimita 10, ndani ya fremu ya mbao, juu kitambaa kinachopitisha hewa (weka mdomo upulize, hewa ikipita bila kubanwa kinafaa), na uiache ikae mbali kidogo na ukuta, sentimita 10 nyingine za hewa tupu nyuma yake. Hiyo nafasi haikugharimu kitu na inaifanya paneli ishuke chini zaidi, ukibana paneli ukutani unaitupa hiyo nafasi bure. Wakati wa kukata sufi vaa glavu, barakoa na miwani, nyuzi zake zinawasha sana.

Pa kuziweka usikisie. Kaa kwenye kiti chako, mtu mwingine apitishe kioo cha kujitazamia kwenye ukuta wa pembeni kwa urefu wa macho yako, pale utakapoiona spika ndani ya kioo weka alama, hapo ndo sauti inapodunda kwanza kabla ya kukufikia. Ukuta wa pili vilevile, dari vilevile. Sauti iliyodunda inakufikia milisekunde chache tu nyuma ya ile iliyotoka moja kwa moja, zinachanganyika, na mwimbaji anapoteza mahali pake katikati ya spika. Ukizifunika hizo sehemu tatu utashangaa kiasi gani cha chumba kinaondoka kwenye muziki. Baada ya hapo weka nene zaidi kwenye kona kutoka sakafuni mpaka darini, sentimita 20 hata 30 kama nafasi ipo, maana besi inajikusanya kwenye kona, na nyingine ukuta wa nyuma ya kichwa. Kuta zilizobaki ziache, chumba kilichofunikwa chote kinachosha.

Ndo sasa ikwalaiza. Room EQ Wizard ni programu ya bure ya kupima, unahitaji maiki ya kupimia, unaiweka pale kichwa kinapokuwa, programu inapitisha sauti kuanzia chini hadi juu na kukuchorea mchoro. Pima sehemu kadhaa kuzunguka kichwa, sio moja. Pale mchoro ulipopanda chini ya hezi 250 hivi, shusha: masafa (zile hezi) yaleyale, upana uleule, kiasi kilekile. Kilele cha besi ukikishusha hivyo hata ule mvumo unaobaki nyuma unapungua, kwa hiyo hapo ikwalaiza inafanya kazi ya kweli kabisa. Juu ya hapo usikimbizane na kila mkunjo wa mchoro, ukisogeza kichwa kidogo tu mchoro unabadilika, huko waachie paneli.

SWALI: Fundi mimi nimeshapima. Kuna shimo kubwa kwenye hezi 120, nimeongeza desibeli 10 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye ikwalaiza na shimo liko vilevile, ampu inapata moto tu. Spika zangu ndogo ziko kwenye stendi, uso wake uko sentimita 70 kutoka ukutani.

JIBU: Rudisha hizo desibeli 10 sasa hivi kabla hujaunguza spika. Desibeli 10 ni nguvu mara kumi, ampu iliyokuwa inatoa wati 20 kwenye hayo masafa unaidai 200. Na shimo halitajaa kwa sababu sauti ya hezi 120 inakwenda nyuma ya spika, inagonga ukuta, inarudi imegeuka na kuifuta ile inayokuja mbele. Ukiongeza moja umeongeza na nyingine, zinaendelea kufutana. Hesabu yake: 343 gawa kwa umbali uliozidishwa kwa nne, sentimita 70 zinakupa hezi 122. Hilo ndo shimo lako.

Sogeza spika nyuma mpaka uso ubaki kama sentimita 40 kutoka ukutani. Shimo litapanda mpaka hezi 214 hivi, na huko paneli nene ukiibandika nyuma ya spika ina uwezo wa kulipunguza. Ukuta utaongeza besi kidogo, hiyo shusha kwa ikwalaiza, kushusha hakuna gharama. Kama spika ina tundu la hewa nyuma usiizibe. Ukishasogeza pima upya, hata kile kilele ulichokuwa unakijua kinaweza kuwa kimehama.

SWALI: Je trei za mayai na mapazia vinatosha? Na vitazuia majirani wasisikie?

JIBU: Trei za mayai achana nazo, ni karatasi nyembamba, zinagusa masafa machache ya juu na zinashika moto haraka, sitaki kabisa ziwe ukutani kwa mtu. Pazia zito lenye mikunjo, zulia nene, kochi la kitambaa, hivyo vinasaidia kweli kwenye katikati na trebo. Mwaka 1895 Wallace Sabine wa chuo cha Harvard alipewa ukumbi wa mihadhara ambao maneno hayakusikika, akawa anabeba mito ya viti vya ukumbi mwingine usiku anaipanga humo na kupima sauti inachukua muda gani kuisha, na hesabu aliyoipata tunaitumia mpaka leo. Kwa hiyo fanicha laini usiidharau, ila besi haitaigusa.

Majirani ni suala jingine kabisa. Paneli inapunguza mdundo ndani ya chumba, kuzuia sauti isitoke kunataka uzito na kuziba kila upenyo, ukuta mara mbili, mlango mzito wenye raba pembeni. Kama huna hiyo bajeti anza na mlango, ziba nafasi ya chini, na sabufa, ile spika ya besi, iinue juu ya mpira mnene isiguse sakafu moja kwa moja.