Mtoto Asipimwe kwa Macho

Katika miaka niliyoshiriki kazi ya kupima watoto, jambo lililoniumiza kuliko yote ni kwamba wengi wa wale wanaofikishwa hospitalini wakiwa hoi kwa utapiamlo wangeweza kutambuliwa majuma kadhaa kabla, wakiwa nyumbani, na watu ambao hawakusomea udaktari. Macho yetu huzoea kumwona mtoto akipungua kidogo kidogo kila siku, na ndiyo maana nawashauri wazazi wasiyategemee.

Kinachohitajika ni utepe wa kupimia mkono. Huzungushwa katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto ukiwa umening'inia bila kukunjwa, na usikazwe hata ngozi ikabonyea. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo kilicho chini ya milimita 115, yaani eneo jekundu la utepe, huonyesha utapiamlo mkali; kuanzia 115 hadi kabla ya 125 ni utapiamlo wa kadiri. Nchini Niger akina mama walifundishwa kuwapima watoto wao wenyewe, na ikaonekana kwamba wanaweza kazi hiyo. Kwa maoni yangu, kila mama anastahili kuwa na utepe wake.

Hata hivyo, yupo mtoto ambaye utepe unaweza kumpitisha, naye ni mwenye unyafuzi. Mwili wake hujaa maji, mashavu yakavimba, na majirani wakampongeza mama kwa kumnenepesha mwanawe. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde 3, kisha uachie. Nimeona vishimo hivyo vikibaki pale pale huku mama akivitazama bila kuamini. Vikibaki miguu yote miwili, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama utepe unaonyesha kijani, rangi ya kipimo kizuri.

Kuhusu matibabu, wazazi wengi huogopa kulazwa kwa majuma mengi, lakini hali imebadilika sana. Mwaka 1996 Wafaransa André Briend na Michel Lescanne walibuni chakula tiba cha karanga, unga wa maziwa, mafuta, sukari, vitamini na madini, ambacho hakihitaji maji wala jokofu. Pakiti moja ya gramu 92 hutoa takriban kilokalori 500. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Mpango wa Chakula Duniani waliunga mkono kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali, ilimradi ana hamu ya kula na hana matatizo mengine, atibiwe nyumbani. Pakiti hizo ni dawa yake, na zikigawanywa kwa ndugu zake hataongezeka uzito inavyotakiwa. Simlaumu mama anayegawa, kwa kuwa ana watoto wengine wenye njaa. Amweleze mhudumu waziwazi ili familia nzima itafutiwe msaada.

Mtoto anayekataa kula, anayetapika kila kitu au aliyelegea kupita kiasi, ni wa kulazwa. Huko huanzishiwa maziwa maalumu mepesi, kidogo kidogo, usiku na mchana. Ndugu wasimletee chakula kizito kwa huruma, kwa sababu mwili uliokondeana hauhimili mlo mkubwa wa ghafla na moyo unaweza kushindwa.

Kinga inajulikana: maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila hata maji, kisha vyakula mchanganyiko huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, pamoja na chanjo zote. Ninachoona kikisahauliwa ni mtoto anayeharisha. Asinyimwe chakula, apewe maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na akishapona aongezewe mlo ili arudishe uzito alioupoteza. Baada ya wiki chache mkono wake upimwe tena, kwani huo ndio wakati ambao wengi niliowafuatilia walianza kudhoofika bila mtu kugundua.