Ndege ya kupaa wima: usianze na mbawa

Watu wananiuliza sana hii kitu, ndege ya kupaa wima mtu aanzie wapi, wacha niandike mara moja niwe nshamaliza. Ukitaka kuunda ndege ndogo isiyo na rubani ya kupaa wima, yaani ile ya mbawa na mota nne za kuinua halafu moja nyuma ya kusukuma, usianze na mbawa. Mimi nlianza na mbawa, zikatoka nzuri kweli, mita 2.5 ncha hadi ncha, majirani hapa Kisauni, Mombasa, wanakuja kupiga picha, na siku ya kuirusha haikumaliza dakika tano.

Tena ile ya kwanza nliifanya ya kuinamisha mota, za mbele zinalazwa na serivo, yaani kimota kidogo cha kusogeza vitu, ndege ikishapaa. Kama ndio mwanzo wako achana nayo bwana. Osprey, ile ndege ya jeshi la Marekani ya kuinamisha injini, iliruka mara ya kwanza 1989 ikaingia kazini 2007, na wale wana pesa na mainjinia wa kumwaga, sembuse mimi na gundi yangu. Serivo moja ya bei rahisi ikakwama, mota moja imelala mwenzake imesimama, ikajipindua, vipande nliviokota kwenye mihogo ya watu. Mota nne zisizoinama ni mzigo wa bure ndege ikishaenda mbele, hio ni kweli, na propela zake zinashika upepo, lakini hakuna kitu cha kukwama.

Anza na mizani. Pima kila kitu, hata waya, hata gundi, kwa sababu uzito ukizidi mara mbili kwa propela zile zile, umeme wa kuelea, yaani kusimama hewani kwa mota tu, unazidi karibu mara tatu. Yangu ya pili ina kilo 4, ikielea inakula kama wati 550, ikishabebwa na mbawa ni kama 180 tu, kwa hio kuelea ni kwa kupaa na kutua, sio kukaa hewani unajionyesha. Na propela kubwa inayozunguka pole pole inakula kidogo kuliko ndogo ya kukimbia, nlitoka inchi 10 nikaenda 13 nikaona tofauti siku hio hio. Mota zote nne pamoja ziweze kuinua karibu mara mbili ya uzito wa ndege.

Halafu upepo, na hapa video za watu wa mbali hazitakusaidia. Mwezi wa saba kusi ikivuma, lile bawa refu unaloringia linageuka tanga ndege ikiwa inaelea, linasukumwa ubavuni na mota zinahangaika, na kugeuza pua ndio taabu zaidi maana mota nne zinageuza kwa kupishana spidi tu na hio nguvu ni hafifu sana. Mimi nimezifunga mota zikiinama digrii chache kwa pembeni, hapo hapo bila kusogea, zisaidie kugeuza, na kwenye ArduPilot, ile programu ya kuongoza ndege, nimewasha ile setingi ya kuelekeza pua kwenye upepo yenyewe. Bawa nikalikata hadi mita 1.8, roho ikiniuma.

Pale ndege inapobalansi kwenye bawa, karibu robo ya upana wake kutoka mbele, ndio pawe katikati ya zile mota nne. Wengi wanabalansi kwa mota wakasahau bawa, ikishika spidi pua inazama au inanyanyuka.

Na usizime mota za kuinua mpaka kasi ya hewa itoshe. Kasi ya hewa, sio ya GPS! Upepo ukiwa nyuma GPS inakwambia unakimbia na bawa halina kitu, kwa hio nunua kile kipimo cha kasi ya hewa hata kama ni ghali.

Kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, tafuta kabla hujarusha, kuna sheria tangu 2020, na huko Changamwe na Port Reitz usithubutu, uwanja wa ndege uko pale. Ukirusha karibu na bahari futa mota ukirudi nyumbani, chumvi ilinilia mbili kabla sijajua ule mlio wa kukwaruza ni nini.