Hoja 214, nafasi kumi: namna ya kupanga vipaumbele vya utafiti wa jamii Aktiki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma shahada ya uzamivu Tromsø, Norwei. Kikundi chetu kimepewa kazi ya kuandaa vipaumbele vya utafiti wa sayansi za jamii Aktiki, yaani eneo la kuzunguka Ncha ya Kaskazini, kwa miaka kumi ijayo. Tulituma dodoso mtandaoni, tukapata hoja 214. Mpango ni kila mjumbe azipe alama 1 hadi 5, tutafute wastani, tuchukue kumi za juu. Tulipojaribu, saba kati ya kumi zilikuwa za mabadiliko ya tabianchi. Wasami wawili waliomo kwenye kikundi, watu wa asili wa huku kaskazini wenye jadi ya kufuga reinidia (aina ya kulungu), hawakuonekana kuridhika, lakini hawakusema mengi. Je, hesabu yetu ina kasoro, au ndivyo hali ilivyo? Na Urusi tuifanyeje? Hatukupata jibu hata moja kutoka huko.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hesabu, maana tatizo lako kubwa limejificha humo humo.

Tuseme wapiga kura ni 46: watafiti 40 na wafugaji wa reinidia 6. Hoja A inahusu namna ya kupima uwezo wa jamii kuhimili ongezeko la joto. Watafiti wote wanaipa 5, wafugaji wote wanaipa 2. Jumla ni 212; gawa kwa 46, unapata 4.61. Hoja B inauliza malisho yanachukuliwa kwa utaratibu gani kupisha migodi, barabara na mitambo ya umeme. Watafiti wanaipa 3, wafugaji wanaipa 5. Jumla ni 150, wastani 3.26. Hoja A inaingia kumi bora, hoja B inatupwa. Sasa tafuta wastani wa kila kundi peke yake, kisha yape makundi hayo mawili uzito sawa. A inapata 3.5, B inapata 4. Hakuna aliyebadilisha kura yake, lakini orodha imepinduka.

Kwa hiyo, kabla hamjagusa Excel, amueni uzito wa kila kundi na muuandike wazi kwenye ukurasa wa mbinu. Wastani wa jumla nao ni uamuzi: unampa nguvu kila aliyekuja na wenzake wengi. Na dodoso la mtandaoni kwa kawaida huleta watu wa aina moja, yaani wenye barua pepe ya chuo, wanaosoma Kiingereza na wenye muda wa kazi wa kujaza dodoso. Fungua majibu yako, hesabu waliojibu wanaishi wapi na wanafanya kazi gani. Nadhani utapata jibu la swali lako hapo hapo.

Ushauri wangu ni kwamba msitoe safu moja ya alama. Toeni safu kwa kila kundi, zikae sambamba, pamoja na mtawanyiko wa alama ndani ya kila kundi. Hoja ambayo watafiti wameipa 5 na wafugaji 2 msiifiche ndani ya wastani. Irudisheni mezani, muwaulize wote sababu. Nimekaa kwenye vikao vingi vya namna hii, na mara nyingi saa moja ya kujadili hoja zenye mvutano imetupa zaidi ya siku nzima ya kupiga kura. Hao Wasami wawili waliokaa kimya mtawasikia saa hiyo, mkiwapa nafasi.

Sasa tuje kwenye hizo saba za tabianchi. Suala lenyewe ni zito na sitaki ulichukulie kwa wepesi. Tangu 1979 Aktiki imekuwa ikipata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Kule Alaska, kijiji cha Wayupik cha Newtok kimelazimika kuhama, kwa sababu ardhi iliyoganda tangu enzi na enzi ilikuwa inayeyuka na mto unaimega. Familia za kwanza zilihamia Mertarvik mwaka 2019, na kuhama kwa kijiji kizima kukachukua miaka zaidi. Mtafiti wa jamii ana maswali ya kweli pale: nani analipa, nani anapata nyumba kwanza, shule inafunguliwa wapi wakati nusu ya kijiji iko upande huu na nusu upande ule.

Shida ni kwamba "tabianchi" ni gunia. Likiwa kubwa sana, vinavyowauma watu vinazama chini. Fikiria Fosen, huko huko Norwei uliko, ingawa eneo lenyewe liko kusini ya Duara ya Aktiki. Mitambo 151 ya umeme wa upepo ilijengwa kwenye malisho ya Wasami wa kusini. Tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba vibali vya mitambo hiyo vilivunja haki ya wafugaji ya kuendesha utamaduni wao. Mitambo iliendelea kuzunguka, na makubaliano na wafugaji yalikuja baadaye sana. Kwa wafugaji wale, kilichowafikia mlangoni ni tiba ya tabianchi, yaani huo umeme wa upepo. Dodoso lako likiwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa "athari za tabianchi", mfugaji wa Fosen ataweka alama wapi?

Kuna pia mambo ambayo gunia hilo haliyagusi kabisa. Kiwango cha kifua kikuu kwa Wainuiti wa Kanada kiliwahi kuhesabiwa kuwa karibu mara 300 ya kile cha Wakanada wasio wa asili waliozaliwa nchini humo. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunajua ugonjwa huu unapenda nyumba ya namna gani: finyu, isiyo na hewa, yenye watu wengi kuliko vitanda. Mwaka 2018 serikali ya Kanada na jumuiya ya kitaifa ya Wainuiti, Inuit Tapiriit Kanatami, zilijiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huo katika maeneo ya Wainuiti ifikapo 2030. Ukitaka kujua kwa nini lengo kama hilo linafanikiwa au linakwama, unahitaji utafiti wa makazi, wa bei ya chakula, wa imani ya watu kwa zahanati. Hiyo ni sayansi ya jamii tupu. Angalia hoja zako 214: nyumba imetajwa mara ngapi?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Utqiaġvik, mji wa kaskazini kabisa mwa Alaska ambao zamani uliitwa Barrow. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwazuia Wainupiat, wenyeji wa asili wa hapo, kuwinda nyangumi wakubwa wa Aktiki, kwa sababu makadirio ya wanasayansi yalikuwa nyangumi kati ya 600 na 2,000 tu. Watu walihesabu wakiwa kwenye ukingo wa barafu, wakiangalia nyangumi wanaopita kwenye mikondo ya maji wazi. Mikondo ikiziba, walichukulia nyangumi wamesimama. Wawindaji, miongoni mwao nahodha Harry Brower, wakasema hapana: nyangumi hasimami, anapita chini ya barafu, akitaka kupumua anaivunja kwa kichwa, na wengine wanapita mbali ambako jicho halifiki. Hoja hiyo ilichukuliwa kama ilivyo na kugeuzwa mpango wa kazi. Vinasa sauti vikateremshwa majini, ndege zikarushwa mbali na pwani. Hesabu ikapanda mara kadhaa, na kufikia 2011 makadirio yalikuwa karibu 17,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni nyangumi kuzaliana kweli, lakini kosa la kwanza lilikuwa la wahesabuji, na waliolijua ni wenyeji.

Zingatia kilichotokea pale. Wawindaji hawakuitwa kupigia kura orodha ya watu wengine. Walileta swali lao, na swali likabadilisha njia ya kupima. Kwenye mchakato wenu, nafasi hiyo inapatikana kabla ya kura, wakati wa kukusanya hoja. Mkishafika kwenye kura mmeshachelewa, kwa sababu mtu hawezi kuipa alama hoja ambayo haimo. Kwa hiyo nakushauri urudi nyuma hatua moja, hata kama mkuu wenu atanung'unika kuhusu ratiba. Nendeni na karatasi tupu, mpokee maswali kwa lugha ya wenye maswali, yaingie pamoja na zile 214. Kisha ondoeni yale ambayo tayari yana majibu ya kutosha. Watu wa huko wamechoka kuulizwa kila mwaka jambo lile lile.

Mnapokwenda, angalieni kalenda yao. Mimi nilikosea hapo. Miaka kadhaa iliyopita tulipanga mkutano katika kijiji kimoja cha kaskazini, mwezi tuliouchagua sisi kwa sababu muhula ulikuwa umekwisha. Tulikuta viti vimepangwa, chupa za chai zimejaa, mkalimani yupo. Watu waliofika ni wawili, na mmoja wao alikuwa mtunza funguo za ukumbi. Bata bukini walikuwa wameingia siku mbili kabla, na kijiji kizima kilikuwa barafuni na bunduki na pikipiki za theluji, kinatafuta kitoweo. Ripoti ya safari ile ingeweza kuandikwa "mwitikio wa jamii ulikuwa mdogo". Tuliandika ukweli, kwamba tulikuja wakati mbaya, na tukarudi tena vuli. Tengeni fedha za kuwalipa wanaokuja kama mnavyomlipa mtaalamu yeyote, na za mkalimani wa siku nzima.

Kuhusu vigezo vya kuchuja, msijibebeshe vigezo kumi na viwili. Ripoti ya Maendeleo ya Watu wa Aktiki ya mwaka 2004 iligundua kwamba vipimo vya kawaida vya maendeleo, yaani kipato, elimu na umri wa kuishi, haviwatoshi watu wa huko. Ikaongeza vitatu: kuwa na usemi juu ya hatima yako, kudumisha utamaduni wako, na kuishi karibu na maumbile. Mimi ningeiuliza kila hoja: jibu lake litamwongezea nani usemi juu ya maisha yake? Hoja isiyo na jibu hapo ingebidi ijitetee sana.

Kila kipaumbele kitakachopita kiandikwe kama swali linaloweza kujibiwa, na chini yake pawe na majina ya watakaotumia jibu, watakaotunza data, na wenye haki ya kusema "hili lisichapishwe bado". Hilo la mwisho wengi hulikimbia. Mwaka 1979 ulifanyika utafiti wa ulevi huko huko Barrow. Matokeo yakatolewa kwa waandishi wa habari mbali na mji, wenyewe hawajakaa nayo wala kuyajadili, na magazeti yakauchora mji kama uliozama kwenye pombe. Aibu ile haikusahaulika, na jina la utafiti lilichafuka kwa miaka mingi. Mkakati wa utafiti wa Wainuiti wa Kanada uliotolewa 2018 umetaja upatikanaji, umiliki na udhibiti wa data kuwa moja ya nguzo zake tano. Usome kabla hamjaandika rasimu. Na kama mradi wowote utagusa Nunavut, kuna kibali cha taasisi ya utafiti ya huko, na maombi yake yanataka muhtasari kwa lugha ya Wainuiti. Uliyezoea vibali vya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya nyumbani Tanzania, hutashangaa; kitengeeni kibali hicho muda.

Urusi. Watu wapatao milioni 4 wanaishi Aktiki, na karibu nusu yao au zaidi wako Urusi. Machi 2022, baada ya uvamizi wa Ukraine, nchi nyingine saba wanachama zilisitisha ushiriki wao katika vikao vya Baraza la Aktiki, chombo cha ushirikiano wa nchi nane za huko, na ushirikiano mwingi wa vyuo ukakatika. Kwanza, kichwa cha waraka wenu kisiseme "Aktiki" kana kwamba ni yote. Andikeni nchi ambazo hoja zilitoka. Pili, msimtafute mtu aliyeko ndani ya Urusi ajaze dodoso lenu kwa njia za vichochoro. Ninyi mtachapisha makala, yeye ataulizwa maswali na watu wengine. Zungumzeni na waliokwisha kutoka, kwa hiari yao na bila majina. Tatu, acheni nafasi kwenye waraka, sura nzima ikibidi, yenye maswali ambayo hayawezi kufanyiwa kazi sasa, ili siku mlango ukifunguka mtu asianze sifuri.

Mipango mikubwa ya utafiti wa Aktiki hufanyika kila miaka kumi: 1995, 2005, 2015, na mkutano mkuu wa karibuni ulikuwa Boulder, Marekani, Machi 2025. Pitieni ripoti za sayansi za jamii zilizotoka kwenye mzunguko huo, mzilinganishe na hoja zenu. Hoja inayojirudia tangu 1995 iulizwe kwa nini haijapata fedha.

Nitumie jedwali lenu likishagawanywa kwa makundi, nitaliangalia. Na kama mkutano wenu na wafugaji umewekwa Mei, uhamisheni wiki hii hii: Mei reinidia wanazaa, na hakuna mfugaji atakayewaacha ndama aje ukumbini.