Muziris: Kodungallur au Pattanam?

Uliyeuliza Muziris, bandari ya kale ya pilipili manga iliyofanya biashara na Warumi, ilikuwa Kodungallur au Pattanam, huko Kerala, India: mimi naegemea Pattanam, ila bila kuapa. Kodungallur ilipewa heshima hiyo kwa mapokeo, lakini wachimbuaji wa 1945 na wa miaka ya 1960 hawakupata kitu cha enzi ya Warumi. Pattanam, kusini kidogo, uchimbaji ulioanza 2007 umetoa gati la matofali, mtumbwi wa gogo wa mita 6 hivi, na vigae vingi vya mitungi ya mvinyo. Tazama vigae hivyo kwa karibu: baadhi vina chembe nyeusi za mchanga wa volkano, alama ya udongo wa pande za Napoli, Italia.

Wanaopinga wana hoja nzito pia. Hakuna maandishi yaliyopatikana Pattanam yanayotaja jina la Muziris, na eneo lililochimbwa ni dogo mno. Kupima kwa ramani ya leo kunapotosha: mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 unaiweka Muziris mtoni, stadia 20 kutoka baharini (kama kilomita 3.7), ilhali mto wenyewe, Periyar, umehamahama, na mafuriko ya 1341 yanatajwa sana kuwa chanzo kimojawapo. Huenda bandari ilitapakaa kwenye kingo kadhaa, Pattanam ikiwa sehemu yake.