PCB ya C, C, E: lishe, hisabati au kozi za jamii? Jibu kwa mleta mada

Mdogo wangu, nimesoma swali lako pamoja na majibu ya wadau. Umemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), una C ya Biolojia, C ya Kemia na E ya Fizikia. Mjomba anakusukuma kwenye hisabati, marafiki wanakwenda sosholojia, na wewe moyo uko kwenye lishe, ila mzee amesema halipi ada mtu akajifunze kupika. Mimi nilisoma shahada ya lishe SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, na sasa ni afisa lishe wa halmashauri huku Nyanda za Juu Kusini.

Hisabati tuimalize haraka. Shahada yake inataka uwe umesoma ile hisabati ya juu ya michepuo ya PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati). BAM, ile hisabati nyepesi ya nyongeza ya PCB, haitoshi. Dada yangu aliisoma Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), na tangu mwaka wa kwanza alikuwa anathibitisha tu: ukurasa mzima wa hoja, namba hamna. Anayependa hilo hulipenda kweli, na mlango wa bima na takwimu uko wazi kwake. Mjomba anakutakia mema, lakini hilo basi si lako.

Sasa upishi. Mpe mzee simu asome hapa. Maabara yetu, kutafuta protini ya maharage: unapima unga kidogo kwenye mizani nyeti, unauchemsha kwenye asidi ya salfuriki kali mpaka maji yake yawe maangavu, unakusanya amonia, unaititireti (unaipima kwa kudondosha asidi ya nguvu inayojulikana), unapata kiasi cha naitrojeni, kisha unazidisha kwa 6.25 upate protini. Ukikosea hatua moja, unarudia mchana wote. Hapo hujagusa baiokemia, ambayo ndiyo inayowapa wengi sapu (mtihani wa marudio). C yako ya Kemia inakufaa sana kule.

Na takwimu hutazikwepa, nakwambia mapema. Mtoto wa kike wa miezi 24 anatarajiwa kuwa na urefu wa karibu sm 85.7 akisimama. Akiwa chini ya sm 79.3, kwa viwango vya WHO (Shirika la Afya Duniani) huyo amedumaa. Huo mstari umetoka kwenye wastani na mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani), na usipouelewa utakuwa unajaza fomu tu. Ubao ukilala vibaya, au mama akiwa amemwachia mtoto viatu, sentimita moja inakupa jibu la uongo kuhusu maisha ya mtu.

Ila somo lililonisaidia zaidi kazini ni lile ambalo wengi darasani walilidharau: sosholojia na maendeleo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Iringa ni zaidi ya nusu. Iringa! Mkoa wa mahindi, viazi, maharage na maziwa. Baiokemia haikujibu hilo. Inabidi ukae na mama ujue anatoka shamba saa ngapi, mtoto anabaki na nani, uji wa mchana umechanganywa na nini, na maharage yakiuzwa hela inashikwa na nani. Kwa hiyo usiwacheke wenzako wa sosholojia. Kuuliza maswali hayo bila kumwaibisha mtu ni ujuzi unaofundishwa.

Kuhusu kuingia: C mbili ni pointi 6, na kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Lakini kila kozi ina masharti yake, soma kitabu cha mwongozo cha mwaka huu, usitegemee cha kaka yako. Ajira sitakudanganya: nafasi za halmashauri zinagombewa, na wenzangu kadhaa wako hospitali, mashirika na viwanda vya chakula, wengine bado wanatafuta.

Ningekuwa wewe ningejaza lishe ya kwanza, sayansi na teknolojia ya chakula ya pili, na kozi ya afya ya jamii ya tatu kama vigezo vinaruhusu. Ukikosa awamu ya kwanza ya udahili, subiri inayofuata. Mzee akiwa na maswali, niandikie PM nikupe namba, nitaongea naye mwenyewe.