Kutafiti RNA ukiwa Lubumbashi: anza na damu, mashine zitafuata

Wanafunzi wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanaotaka kuingia katika utafiti wa RNA, yaani molekuli zinazobeba na kudhibiti maelekezo ya jeni, huniuliza kwanza habari za mashine: ya kusoma mfuatano wa jeni iko wapi, bei yake dola ngapi, itafika lini kwetu. Mimi huwarudisha kwa mgonjwa. Kazi yangu yote nimeijenga juu ya ugonjwa mmoja, selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, huu tunaouita SS, na bado una maswali ya kunitosha mpaka nizeeke.

Chagua ugonjwa unaoujua kwa sura. SS haututafutishi: familia nyingi hapa zina mtoto anayeugua, au zimemzika mmoja.

Mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni (himoglobini ni protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni), nayo humkinga miezi ya mwanzo. Kisha mwili huizima, hasa kwa kazi ya protini iitwayo BCL11A, na maumivu huanza. RNA inaingia hapo. Mwaka 2000 maabara ya Gary Ruvkun, aliyepata Nobel mwaka 2024 pamoja na Victor Ambros, ilitangaza let-7, RNA ndogo ya herufi kama 22, ya aina iitwayo mikroRNA, inayonyamazisha jeni nyingine, iliyopatikana katika mnyoo wa milimita moja. Mwaka uleule ikaonekana kwa binadamu pia. Leo tunajua kwamba LIN28B, protini inayoizuia let-7 isikomae, husaidia himoglobini ile ya tumboni iendelee kutengenezwa. Mwaka 2021 madaktari wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa sita wa SS: seli zao za uboho zilipewa maelekezo ya kutengeneza RNA ndogo, yenye umbo la mikroRNA, ya kuinyamazisha BCL11A. Himoglobini ya tumboni ikapanda. Kutoka kwenye mnyoo hadi hapo!

Sasa damu yenyewe, na hapa nakuomba usome polepole. RNA huvunjwa na vimeng'enya vilivyomo hata kwenye ngozi ya vidole vyako, basi vaa glavu na uzibadilishe mara kwa mara. Chukua chupa ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye kifuniko cha zambarau, kwa sababu heparini, dawa nyingine ya kazi hiyo, huizuia PCR, mbinu ya kurudufu jeni ili zipimike. Andika saa ya kuchota damu na saa ya kuizungusha kwenye santrifuji. Chupa zikirushwarushwa juu ya pikipiki, seli nyekundu hupasuka na kumwaga miR-451, mikroRNA nyingine, iliyojaa ndani yake, kisha plazima, yaani maji ya damu, inakudanganya. Kwa mgonjwa wa SS ni vigumu zaidi, maana seli zake hupasuka zenyewe mwilini. Ukiona miR-451 imepanda katika plazima yake, pima kwanza himoglobini iliyomwagika humo kabla hujatangaza kwamba umepata alama ya ugonjwa.

Tena miR-451 hiyohiyo ina jambo kubwa. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba ndani ya seli nyekundu zenye himoglobini ya selimundu, yenyewe na let-7i, ndugu wa let-7, huingia katika kimelea cha malaria na kukidumaza. Naamini maswali ya namna hiyo ni yetu kuyauliza, sisi ambao malaria na SS tunavikuta katika nyumba moja.

Umeme utakatika, na joto la mwezi wa kumi unalijua. Usiiachie friza kila kitu: weka sehemu ya damu mara moja kwenye dawa ya kuhifadhia RNA, na igawe katika vichupa vidogo ili usiyeyushe na kugandisha ileile tena na tena. Wakati huohuo jifunze R, programu ya kuchambua takwimu. Hazina ya GEO ya Marekani inatoa bure data za RNA kutoka maabara nyingi za dunia, na kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia.

Mtoto wa SS tayari ana upungufu wa damu. Usimchome kwa ajili yako peke yako. Subiri siku daktari anapochota, uombe mililita chache, na umweleze mama yake unatafuta nini. Ukipata matokeo, rudi kwake.

Na sampuli zikilazimika kwenda Ulaya, mkataba uandikwe kabla hazijapanda ndege: nani atachambua, nani atatia jina kwenye makala, kitakachobaki kitarudi au kitateketezwa. Omba pia nafasi ya kwenda nazo, ukae kwenye mashine ile, ufanye uchambuzi kwa mikono yako.